Nimeiharibu picha ya mzee, na sasa ananitafutia wateja

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku kwa sababu mchana nashindwa. Nina miaka 26, nimezaliwa Tanga, naishi Temeke kwa mama mdogo. Nilimaliza shahada ya kemia miaka mitatu iliyopita. Baada ya kuzunguka na bahasha ya vyeti mpaka viatu vikaisha soli, nilienda kujitolea kwenye makumbusho moja, nikapangiwa stoo ya mikusanyo. Nilidhani nitakaa wiki mbili. Huu ni mwezi wa kumi na moja. Natoa vumbi kwa brashi laini, naandika namba, nakagua mitego ya wadudu, nasoma kipima unyevu asubuhi na jioni. Kuna siku nilifungua boksi nikakuta mkoba wa ukindu ambao marehemu bibi angeutambua kwa msuko tu, kabla hata ya kuambiwa umetoka wapi. Nilikaa chini. Sijawahi kupenda kazi namna hii.

Nyumbani wanaona nimepotea. Nikisema nataka kuwa mhifadhi, mjomba anauliza ni Serengeti au Mikumi.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tatu, mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa bandari, aliniomba nimsafishie picha ya tingatinga. Ndege wawili kwenye hadibodi, mraba wa kama sentimita 60. Marehemu mkewe aliinunua Morogoro Stores, pale Oysterbay, mwaka 1974, na tangu hapo imetundikwa sebuleni karibu na mlango wa jikoni. Ilikuwa imeiva moshi. Mzee alikuwa amesikia kwamba mimi "niko makumbusho", na mimi sikumwambia kwamba ninafuta vumbi tu.

Nilichovya pamba kwenye tina. Sikujaribu pembeni kwanza, ingawa nimeshawasikia wakubwa wangu wakisema. Pamba ya kwanza ilitoka kahawia, nikafurahi. Ya pili ilitoka nyekundu. Nilipoangalia, bawa la ndege wa kulia lilikuwa limeondoka kipande kama kiganja cha mtoto, hadibodi inaonekana.

Sikumwambia. Nilienda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua kopo dogo la rangi ya mafuta nyekundu, nikatia nyeusi kidogo mpaka ikafanana, nikapaka. Mzee alipoiona alitokwa machozi, akasema ni kama mkewe ameingia ndani. Akanipa shilingi 80,000. Nikazipokea.

Shangazi, sasa mzee amenisifia kwa rafiki yake wa Upanga, ambaye ana picha mbili na kinyago cha Kimakonde anachotaka "king'ae kama zamani". Ananisubiri baada ya wiki mbili. Wakati huohuo mjomba amenipatia kazi kwenye maabara ya kiwanda cha maji ya chupa Kibaha, mshahara 620,000, kuanza mwezi ujao. Nikienda, naona nimeisaliti stoo. Nikibaki, naendelea kula kwa mama mdogo kama mtoto. Na kila nikipita kwenye nyumba ya mzee naiona ile picha dirishani, bawa linang'aa kuliko ndege mzima.

Je, mtu aliyefanya nililolifanya anaweza kuwa mhifadhi? Na kama anaweza, njia ipi ipo kwa mtu wa huku?

Jambo dogo la mwisho: kuna wakala anasema ana nafasi ya mafunzo kwenye makumbusho ya Ulaya, anataka laki sita za kunishikia nafasi. Nimtumie?

Mwenye Bawa Jekundu, Temeke

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: "Ya pili ilitoka nyekundu." Naijua dakika ile. Naijua namna mikono inavyogeuka kuwa ya mtu mwingine.

Nikupe yangu kwanza. Nilikuwa na miaka 27, kwenye makumbusho ya pwani ambayo sina haja ya kuitaja. Nililetewa kanga ya zamani, nyekundu na nyeusi juu ya weupe, yenye madoa ya maji ya chumvi. Nilijaribu nyeusi kwa tone la maji na karatasi ya kufyonza, haikutoa kitu. Nyekundu sikuijaribu, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na nilikuwa na haraka. Nikailaza kanga kwenye beseni. Baada ya dakika tano weupe wote ulikuwa waridi. Siku mbili sikusema. Siku ya tatu nikamwendea mkuu wangu, naye badala ya kunifokea akanisukumia kalamu, akasema, "Kaandike." Karatasi ile iko kwenye jalada mpaka leo kwa mwandiko wangu. Mwaka jana kijana mmoja anayetafiti kanga za kale alilifungua jalada hilo, akajua kwamba uwaridi ule ni wangu, haukutoka kiwandani. Bila ile karatasi angeliandika kosa langu kama historia, na wengine wangelinakili.

Kwa hiyo tutaanza na mzee. Kibaha na masomo yatafuata.

Wewe ni mkemia, basi tuzungumze kikemia. Rangi ya mafuta ya dukani haikauki kama nguo kwenye kamba. Inavuta oksijeni, molekuli zake zinashikana mkono, na zinaendelea kushikana mwaka baada ya mwaka. Tina ni mchanganyiko wa vimiminika vikali: inaivimbisha rangi ya zamani, inailegeza kutoka kwenye hadibodi, na pamba inamalizia. Hilo lilikuwa kosa la mkono, na mikono hufundishika. Hatua ya kwanza siku ile ilikuwa brashi laini kavu. Ya pili, kijiti chenye pamba ndogo kuliko punje ya hindi, maji yaliyosafishwa, sehemu ya ukingoni inayofichwa na fremu, ukiviringisha bila kusugua, na ukiitazama pamba chini ya lenzi kila mara. Ya tatu, ukitaka kujua, ni mate. Usishangae. Mate yana vimeng'enya na hayana uchachu mkali, na wahifadhi wameyatumia kwa vizazi. Watafiti wa Ureno waliyapima maabara na kuchapisha matokeo mwaka 1990, yakaonekana yanafaa kuliko vimiminika kadhaa walivyovilinganisha nayo. Tina haimo kwenye ngazi za mwanzo kabisa.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kopo la rangi. Mhifadhi akijaza pengo anatafuta rangi ambayo kikemia ni tofauti na ya mchoraji, ili iweze kuondolewa bila ya asili kuguswa. Wengi hutumia rangi zilizochanganywa na resini, kama ile ya akriliki iitwayo Paraloid B-72, ambayo hata baada ya miaka mingi bado inayeyuka. Kabla ya hapo huweka tabaka jembamba la vanishi katikati. Na hupaka ndani ya pengo tu. Hathubutu kupanda juu ya rangi ya mwenyewe hata kwa upana wa unywele. Wewe umepaka rangi ya jamii ileile juu ya ndugu yake, na sasa zinashikana. Kila mwezi unaopita, kuzitenganisha kunazidi kuwa kugumu. Ndiyo maana nakuambia uende wiki hii. Na usijaribu kuitoa wewe mwenyewe, tafadhali. Umeshaigusa mara mbili, inatosha.

Kuna orodha iliyotoka Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada, pengine imebandikwa kwenye stoo yenu: visababishi kumi vya uharibifu wa mikusanyo. Kugongwa na kuanguka, wezi, moto, maji, wadudu, hewa chafu, mwanga, joto lisilofaa, unyevu usiofaa. Hivyo tisa kila mtu anavielewa. Cha kumi ndicho wanafunzi hukiruka: kitu kutengana na maelezo yake. Kikapu kikipoteza namba, kikabaki kikapu tu. Picha ikipakwa na mtu asiyejulikana, kwa rangi isiyojulikana, siku isiyojulikana. Tina iliondoa kipande cha bawa. Kunyamaza kwako kunaondoa kitu kwenye picha nzima.

Na picha yenyewe si ndogo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi, akafa mwaka 1972. Kazi ya 1974 kutoka Morogoro Stores ni ya mkono wa wale aliowafundisha au waliojifunza kwao, miaka miwili tu baada yake. Hata kama isingekuwa hivyo, ni ya mke wa mzee, na hilo peke yake lingetosha.

Usimpigie simu. Nenda, ikiwezekana jioni akiwa ametulia, na mchukue mama mdogo kama unaogopa. Hakuna aibu kwenda na mkubwa. Weka zile 80,000 kwenye bahasha. Kama umezitumia, kopa kwa mjomba. Sema kwa ufupi: "Mzee, nimekuja kwa kosa langu. Nilipoisafisha picha nilitoa rangi ya bawa, nikapaka nyingine bila kukuambia. Mimi si mtaalamu, ninajifunza." Halafu nyamaza umsikilize. Anaweza kukasirika, na ana haki. Anaweza pia kusema iache hivyohivyo, anaipenda. Picha ni yake, uamuzi ni wake. Mwambie tu kwamba kama atataka ionwe na mhifadhi mwenye uzoefu, utamsaidia kumpata kupitia wakubwa wako wa makumbusho, na kwamba wakati wanasubiri ihamishwe kutoka ukuta ule wa karibu na jikoni. Hadibodi inakunywa mvuke, inavimba kingo na kupinda. Ukuta wa ndani, mbali na jiko na jua la dirishani, utaisaidia kuliko usafi wowote. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe unataka kuzaa.

Ukitoka hapo, kabla hujalala, andika. Sikuambii uandike ili ujiadhibu. Hii ndiyo kazi yenyewe. Nakupa mfano wa lugha, kwa sababu najua vijana wengi huandika ripoti kama hotuba:

"Mchoro kwenye hadibodi, rangi ya mafuta ya aina inayodhaniwa kuwa ya dukani, takriban sm 60 kwa 60, ndege wawili. Umenunuliwa Dar es Salaam mwaka 1974 kwa maelezo ya mwenye mali. Kabla ya kazi: tabaka la moshi na mafuta ya jikoni usoni kote. Mwezi Machi nilisafisha kwa pamba na tina ya dukani, bila jaribio la awali. Rangi nyekundu ya asili iliondoka kwenye bawa la ndege wa kulia, eneo la takriban sm 5 kwa 4. Nilipaka rangi ya mafuta ya dukani, nyekundu na nyeusi, moja kwa moja juu ya hadibodi na juu ya kingo za rangi ya asili. Hakuna vanishi katikati. Mwenye mali hakuarifiwa wakati huo. Amearifiwa tarehe fulani."

Umeona? Hakuna "kwa bahati mbaya", hakuna "nilijitahidi". Ongeza picha za simu: moja ya mbele kwa mwanga wa mchana na rula pembeni, moja ya nyuma, na moja ukiwa umeweka tochi ubavuni ili mwanga ukwaruze uso wa rangi, mwanga huo utaonyesha mpaka wa kazi yako waziwazi. Nakala moja mpe mzee, aibandike nyuma ya fremu ndani ya bahasha. Nyingine ni yako, na ndiyo ukurasa wa kwanza wa jalada lako la kazi. Nasema hivyo kwa dhati. Nimekaa kwenye meza za kuchagua wanafunzi. Majalada huja yamejaa picha za "kabla" na "baada" zinazometameta. Mtu anayeweza kueleza alichoharibu, kwa kipimo na kwa jina la kimiminika, humkuti mara nyingi, na ukimkuta unamwachia funguo za stoo.

Yule wa Upanga mwambie ukweli kwamba huna mafunzo ya kutibu picha. Lakini usimwache mikono mitupu. Unaweza kupiga picha vitu vyake vyote, kuvipima, kuvitolea vumbi kwa brashi laini, kumwonyesha ukuta usio na unyevu, kuweka kadibodi safi nyuma ya fremu, na kuandika orodha. Kazi hiyo unaijua na ni halali kulipwa. Na kinyago kisipakwe dawa ya viatu, nakuomba. Wauzaji wa vinyago hupaka ili mti mweupe uonekane mpingo. Juu ya mpingo wa kweli inaziba mikwaruzo ya patasi na inakamata vumbi milele. Mng'ao anaoukumbuka ulitokana na mikono ya watu.

Sasa Kibaha. Nenda.

Najua ulitaka niseme baki. Nimeshawaona wengi waliobaki stooni kwa mapenzi matupu, wakachoka, wakaondoka kabisa na uchungu. Kitu kimoja nataka ukijue kuhusu maji ya chupa. Mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira Fort Jesus, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta za ngome. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia waliichimba chini ya maji, na vitu vyake vingi vilipitia maabara ya uhifadhi iliyoko ndani ya Fort Jesus, Mombasa. Kitu kilichokaa karibu miaka 300 baharini kimejaa chumvi. Ukikikausha hivihivi, chumvi inaganda ndani na kukipasua. Kinalazwa kwenye maji safi, maji yanabadilishwa, tena na tena, na kila mara unapima maji yaliyotoka: kloridi kiasi gani, umeme unapita kwa kiasi gani. Ukiona vipimo vimeshuka na kutulia ndipo unakitoa. Kipimo hicho utakifanya Kibaha kila siku kabla ya saa nne asubuhi. Jifunze kukisawazisha kifaa, kuandika daftari la maabara bila kufuta, kujua lini namba inakudanganya. Wahifadhi waliotokea sanaa wanahangaika miaka kuyapata hayo. Vyuo vya uhifadhi vya Marekani, kwa mfano, vinamtaka mwombaji awe amesoma kemia ya kawaida na ya ogania pamoja na historia ya sanaa na kuchora kwa mkono, na hapo kwenye ogania ndipo waombaji wengi wanapojikwaa. Wewe ulishapita. Kilichobaki kwako ni mkono: anza kuchora, kila Jumapili, hata mayai kwenye sahani.

Makumbusho waombe Jumamosi. Na kabla hujaondoka, omba barua rasmi yenye tarehe na saa ulizofanya kazi. Barua hiyo ni fedha. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unadai uzoefu wa saa 2,800, ambazo ni kama miaka miwili, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Miezi yako kumi na moja haikupotea, lakini bila karatasi itakuwa maneno. Wanadai pia urudi nyumbani miaka miwili baada ya masomo, jambo ambalo mimi naliunga mkono.

Uingereza si njia pekee. Chuo Kikuu cha Pretoria kilianzisha mwaka 2019 shahada ya uzamili ya uhifadhi wa urithi unaoshikika, na ningekuwa na umri wako ningeitazama hiyo kwanza: vumbi lao na wadudu wao wako karibu na wetu kuliko wa London. Sisi wa kizazi changu tulinolewa na mpango wa PREMA, uliokuwa wa ICCROM, shirika la Roma linaloshughulika na uhifadhi duniani. Uliendeshwa kati ya 1990 na 2000 kufundisha watu wa makumbusho za Afrika kusini mwa Sahara, na ulipokwisha uliacha vituo viwili: EPA kule Porto-Novo, Benin, na kituo cha Mombasa ambacho sasa kinaitwa CHDA. ICCROM bado wanatangaza kozi fupi za wiki chache. Hizo, pamoja na mafunzo ya kimataifa ambayo British Museum wameyaendesha tangu 2006, mara nyingi huwalenga walio tayari kazini, kwa hiyo ni hatua ya pili. Zijue sasa, uziombe baadaye.

Kuhusu ajira nitakuwa mkweli: za serikali ni chache na huchelewa. Makumbusho ya Taifa, yenye vituo Dar, Arusha, Songea na Butiama, huajiri kupitia Sekretarieti ya Ajira, na usitafute neno "mhifadhi" tu, maana kama mjomba wako alivyokuonyesha, nusu ya matangazo yenye neno hilo yanahusu tembo. Soma pia ya maafisa makumbusho, mambo ya kale, nyaraka, wakemia. Ukienda Kenya au Zanzibar jua kwamba kila moja ina taratibu zake. Zanzibar hasa ifuatilie. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020 ikiwa katikati ya ukarabati, watu wawili wakafa. Siku ile nililia kama msiba wa nyumbani, na ulikuwa msiba wa nyumbani. Mji Mkongwe unahitaji watu wanaojua chokaa, mbao, chumvi na hati kwa miaka mingi ijayo, mhifadhi wa picha akiwa mmoja tu kati yao. Huko ndiko kazi ya ukanda wetu iliko: katika kuzuia. Mwaka 2008, New Delhi, kamati ya uhifadhi ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, ilikubaliana majina matatu, uhifadhi wa kinga, uhifadhi wa tiba, na urejeshaji. Watu wakisikia kazi yetu wanafikiria lile la tatu, mtu na brashi mbele ya uso wa malaika. Kwetu sehemu kubwa ya mkate iko kwenye la kwanza: mitego ya wadudu, unyevu usiozidi asilimia 65 ili ukungu usiote, rafu, maboksi, namba. Umekuwa ukifanya uhifadhi kwa miezi kumi na moja huku ukidhani unasubiri kuanza.

Na kuna mlango mwingine unaofunguka ambao mkemia wa Kiswahili ataufaidi. Mwishoni mwa 2024 jumba la maonyesho la Humboldt Forum, Berlin, lilifungua maonyesho kuhusu historia za Tanzania, yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa. Mazungumzo ya kurudisha vitu yanaendelea huko na kwingine. Sasa sikiliza: makumbusho nyingi za Ulaya na Marekani zilipulizia vitu vya ngozi, manyoya na mti arseniki, na baadaye DDT, ili wadudu wasile. Sumu ile bado ipo. Ngoma ikirudi kijijini na wazee wakaishika kwa mikono mitupu, nani atakuwa ameipima? Kifaa cha eksirei cha mkononi kinaonyesha arseniki na zebaki bila kukwangua kitu. DDT hakiioni, inahitaji maabara. Hiyo ni kazi yako, imekaa inakusubiri.

Lakini kemia haimalizi. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver, Marekani, ilikabidhi vigango 30 vya Wamijikenda, vikafika Kenya mwaka 2019. Kigango, nguzo ya mti iliyochongwa, husimikwa kwa ajili ya marehemu, na wazee watakuambia kiachwe mahali pake mpaka mchwa na mvua wamalize. Utafanya nini na sindano yako ya gundi hapo? Utakaa kwenye mkeka uulize, na utauliza kwa lugha wanayoielewa. Anza mazoezi hayo hapohapo Dar: nenda Morogoro Stores kwa wachoraji wakongwe wa tingatinga, nenda Nafasi Art Space Mikocheni kwa vijana, waulize wanatumia rangi gani, kopo gani, wanachanganya na nini, hadibodi wanaipaka nini kwanza. Andika majibu yao na tarehe. Miaka thelathini ijayo mtu atakayetibu kazi zao atalitafuta daftari lako kama dawa.

Wakala usimtumie hata senti. Nafasi za kweli zinatangazwa na taasisi zenyewe, wazi, zikiwa na tarehe ya mwisho, na hazishikwi kwa laki sita. Namba yake ifute.

Nitumie nakala ya ripoti ya ndege ukishamwona mzee. Jina lake lifute kabla hujatuma, na vipimo vya picha na vya lile pengo uvichukue upya kwa rula. Sitini kwa sitini umekisia, naona.